Mikono ya Vunjajungu

Katika Mji wa Kale mzima, ukiwa na kofia iliyochanika na ukataka irudi kana kwamba haikuchanika, ulielekezwa kwa Bi Mejumaa binti Gharib. Hakuwa na kibao mlangoni. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na minane, mwembamba, miwani yake imefungwa uzi mweusi shingoni, na vidole vyake hata wifi yake Swafia, ambaye hasifu kitu bila kukitia kasoro, alikubali kwamba havina mfano. Kofia za mkono alianza kuzishona akiwa na miaka tisa. Lakini kilichompa jina ni kutengeneza za watu zilizoharibika: panya kaitafuna, msumari umeikwaruza, mtoto kaikata kwa mkasi. Alikuwa akichomoa nyuzi kutoka upindo wa ndani wa kofia ileile na kuzifuma palipotoboka mpaka mwenyewe akaigeuza na kuigeuza asipaone.

Mamake alimfunza kazi hiyo na akamfunza na sheria yake. Fundi akimaliza, hasemi. Akunje kofia, aikabidhi, azungumze mambo mengine. Kumwonyesha mtu palipoharibika ni kumwaibisha, na fundi anayeonyesha kiraka chake anatafuta sifa, na mamake alikuwa hawezi kuwavumilia watu wa kutafuta sifa. Kwa miaka karibu hamsini Mejumaa hakumwonyesha mtu hata tundu moja. Likumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililomponza.

Aliyemwingiza kwenye wadudu ni Daktari Nasiha. Si daktari wa watu. Ni binti wa mtaa uleule, aliyekwenda chuo kikuu akarudi na shahada ya vunjajungu, jambo lililomhuzunisha mamake miaka kadhaa, maana alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe atatibu macho. Nasiha alipata ufadhili wa kukusanya na kupambanua vunjajungu wote wa pwani, akakodi chumba ghorofani katika nyumba ya mawe, akajaza makabati. Siku moja alipeleka kofia ya marehemu babuye kutengenezwa. Aliporudishiwa alikaa nayo dirishani nusu saa akitafuta tundu. Kesho yake alirudi kumwomba Mejumaa aje kufanya kazi kwake.

Kila mtu pwani anamjua vunjajungu na kila mtu anajua kwamba ukimshika, chombo cha kwanza utakachokigusa baadaye kitavunjika. Swafia, waliyekuwa wakiishi nyumba moja, alimnywesha wifi yake chai kwenye kikombe cha plastiki miezi miwili mizima. Sahani za udongo alizipandisha juu ya kabati. Mejumaa alicheka tu, na hakuna kilichovunjika, na Swafia akazishusha sahani kwa kusikitika kidogo, kama mtu aliyenyimwa haki yake ya kusema nilikwambia.

Kazi yenyewe aliipenda kuliko alivyotarajia. Wadudu waliletwa na Kadenge, mtu wa makamo kutoka Kaloleni, dereva wa tuk-tuk aliyekuwa akienda kwao kila mwisho wa wiki na kurudi na makopo. Walifika wamekauka, wamekunjamana. Mejumaa aliwatia kwenye ndoo yenye mchanga mbichi, akafunika, na baada ya siku moja wakalainika akaweza kuwanyoosha miguu, kuwatunga kwenye pini na kuwaandikia vibandiko. Kila pini ilikuwa na vibandiko viwili, vidogo kuliko ukucha wa kidole gumba: kimoja cha mahali, tarehe na jina la aliyemkamata, cha pili cha jina la mdudu. Aliviandika kwa wino mweusi usiotoka, kwa mwandiko ambao Nasiha alisema ni mzuri kuliko wa mashine.

Na alijifunza. Alikuwa akidhani vunjajungu ni wawili, wa kijani na wa majani makavu. Nasiha alimwambia kwamba duniani wametambuliwa zaidi ya elfu mbili na mia nne. Alimwonyesha anayejifanya jani lililooza, mpaka na mishipa ya jani. Anayejifanya ua, mwenye duara kama jicho kwenye kila bawa. Anayejibana kwenye gamba la mti huku akilinda kifuko chake cha mayai. Alimwambia kwamba ndugu zao wa karibu si panzi, ni mende na mchwa, na Mejumaa aliwaonea huruma kwa ukoo huo. Wengi wao wana sikio moja tu, chini ya kifua. Kuwatenganisha hutazami rangi, kwa sababu aina moja inaweza kutoka ya kijani au ya kahawia. Unatazama umbo la kichwa, mishipa ya mabawa, na zaidi ya vyote miguu ya mbele ya kuwindia: miiba mingapi, imepangwaje, ndani ya paja kuna doa au hakuna. Nasiha aliiita miguu ya mbele. Mejumaa aliiita mikono, na hakuna aliyemsahihisha.

Baada ya mwaka mmoja alikuwa anaweza kuwapanga kwa ukoo bila kuulizwa. Nasiha alianza kumwita mamangu. Mejumaa hakujaaliwa mtoto, na neno hilo lilipotajwa mara ya kwanza aliinama kutafuta pini ambayo haikuanguka.

Sasa sikiliza alichokifanya. Siku moja Kadenge alileta kopo ambalo sisimizi walikuwa wameliingia. Mlikuwa na vunjajungu mmoja mkubwa wa kijani, mzima kila mahali, ila mikono yote miwili imeliwa mpaka begani. Nasiha alikuwa safarini, ng'ambo, kwa miezi saba. Mejumaa alimtazama mdudu yule akamwonea imani. Kando ya meza palikuwa na kijaluba cha masalia, vichwa na miguu na mabawa yaliyokatika yakakosa wenyewe. Alichagua mikono miwili iliyolingana ukubwa na rangi. Aliilainisha, akaitia kila mmoja mahali pake kwa tone la gundi ya maji lililobebwa kwenye ncha ya sindano, akailaza ngozi laini ya bega juu ya kiungo kama anavyolaza uzi, akaacha ikauke. Kisha akamtunga, akamwandikia kibandiko cha mahali na tarehe na jina la Kadenge, akamweka kwenye trei pamoja na wenziwe. Alifurahi sana. Hakusema, kwa sababu kitu kikitengenezwa hakisemwi.

Nasiha alirudi, na Jumatatu moja asubuhi Mejumaa alimkuta amesimama katikati ya chumba, nywele zimetoka kwenye mtandio, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alimshika mikono akamketisha mbele ya hadubini. Mle ndani alikuwamo yule wa kijani. Nasiha alieleza haraka haraka kwamba mwili ni wa jenasi anayoijua vizuri, kundi moja la vunjajungu wa nasaba moja: mabawa, kichwa, kifua, kila kitu. Lakini mikono. Ina chunjua nyeupe kumi na moja, vinundu vidogo, kwa mpango usiokuwapo kwa yeyote wa jenasi ile, na doa la buluu ndani ya paja, na mwiba mmoja wa ziada. Amepekua vitabu vyote. Ameshaandika ripoti. Alhamisi kuna mwenziwe wa chuo anasafiri, na atamchukua mdudu huyu kwa mkono ampeleke kwa mabingwa, na ripoti itakwenda siku hiyohiyo.

"Ni aina mpya, mamangu," Nasiha alisema. "Haijawahi kuandikwa na mtu. Na jina nishalichagua. Ni lako."

Akamwandikia kwenye karatasi: neno la Kilatini la jenasi, na baada yake jina Mejumaa limetiwa mkia kidogo wa Kilatini. Alimwambia majina haya hayafutiki, na miaka mia mbili ijayo mtu asiyemjua atalisoma. Mejumaa aliitazama karatasi. Alisema ahsante. Alisema anaona kizunguzungu, akaomba ruhusa, akaenda nyumbani akipita vichochoro vya mbali ili asikutane na mtu wa kumuuliza hali.

Msomaji mwema atauliza kwa nini hakusema papo hapo. Rahisi kuuliza hivyo ukiwa hujakaa na jina lako pembeni mwa jina la Kilatini. Mejumaa hakuwa na mtoto wa kumwacha nyuma. Mume alimzika, mama alimzika, na kofia alizozitengeneza hakuna hata moja inayosema nani aliitengeneza, ndivyo alivyotaka mwenyewe. Akifa, Swafia atamsomea khitma na atamsengenya kidogo, na Swafia naye akifa hapana tena. Siku ile ya Jumatatu mtu alikuwa amempa miaka mia mbili. Aliitaka. Aibu yake ya kwanza ilikuwa hiyo, kwamba aliitaka hata akijua.

Jumanne hakwenda kazini. Alimweleza Swafia yote, na Swafia alisikiliza huku akichambua mchele. Kwa maoni ya Swafia hapakuwa na shida. Mdudu kafa, mikono imekufa, ya nani ni ya nani nani atajua. Aliuliza pia kama jina litatangazwa redioni. Mejumaa aliona amepoteza muda wake.

Jumatano alikutana na Kadenge mlangoni kwa Nasiha, amevaa shati la kwendea harusi. Nasiha alikuwa amempigia simu. Kadenge alimweleza kwa furaha kwamba ameshawaambia watu wa kwao Kaloleni, na mamake mzee amecheka mpaka akakohoa, kusikia kwamba mdudu wa mpaka wa shamba lao atakuwa kwenye vitabu vya dunia. Mejumaa alimpa hongera. Alipanda ngazi polepole akakaa siku nzima akiandika vibandiko, na mara mbili alikosea tarehe, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kutokea. Nasiha alikuwa akiimba chini kwa chini huku akikata sifongo ya kumfungashia mdudu. Mejumaa alijiambia kwamba pengine mabingwa watagundua wenyewe na kunyamaza. Halafu akawaza: wakigundua wao, watasema nani kaghushi? Hawatamsema mshona kofia wa Mji wa Kale, hawamjui. Watamsema aliyetia sahihi. Na msichana huyu hatapewa kazi tena popote.

Usiku ule hakulala, na Alhamisi alfajiri aliswali akaenda moja kwa moja. Nasiha alikuwa ameshafika. Kisanduku kilikuwa mezani, wazi.

"Mwanangu, keti kwanza," Mejumaa alimwambia. "Hiyo mikono si yake. N'liitia mimi."

Nasiha alitabasamu kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya maneno. Mejumaa alimweleza kopo, sisimizi, kijaluba cha masalia. Nasiha alitikisa kichwa. Alisema haiwezekani, amelitazama bega lile kwa hadubini mara ishirini, kungekuwa na gundi angeiona. Alisema kwa upole kwamba labda Bi Mejumaa amemchanganya na mdudu mwingine, wako wengi. Hapo ndipo Mejumaa alipotaka kulia, kwa sababu mlango wa kutokea ulikuwa umefunguliwa na angeweza kupita. Badala yake alichukua birika la umeme, akamimina maji ya moto kwenye kikombe, akachovya brashi nyembamba ya kufutia vumbi. Alimshika mdudu kwa pini yake. Alilowesha bega la kulia, akahesabu kimoyomoyo, akalilowesha tena. Mkono ukainama, ukaning'inia, ukaanguka mezani. Wa kushoto ulichukua muda zaidi.

Tuk-tuk ilipita chini ikipiga honi. Nasiha aliichukua ile mikono kwa koleo akaiweka kwenye karatasi nyeupe, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa nini hukunambia?"

"Sisi hatusemi, mwanangu. Kitu kikishatengezwa, hatusemi palipoharibika. Ndivyo n'livyofunzwa. Sikujua kuwa huku yataka kusemwa."

Alikuwa amejitayarisha kwa ukali. Alikuwa amejitayarisha hata kwa machozi. Hakuwa amelifikiria swali lililofuata, na Nasiha aliliuliza kwa sauti ya chini kabisa, akiyatazama makabati, mlimokuwa na vunjajungu elfu moja na mia mbili.

"Wangapi wengine?"

Mejumaa alisema kwamba waliovunjika wote aliwaunga. Wengi kwa viungo vyao wenyewe, vilivyokuwa chini ya kopo. Wengine viungo vyao havikuonekana. Ni wangapi, hakuhesabu. Hakuna fundi anayehesabu matundu aliyoyaziba. Nasiha alivuta trei moja, akaiweka mbele yake, akampa lenzi, akamwambia amwonyeshe.

Aliinama. Alipita mdudu kwa mdudu, bega kwa bega, paja kwa paja. Alijua kwa yakini kwamba kwenye trei ile alikuwa ametengeneza watatu au wanne. Alivaa miwani, akaivua, akasogea dirishani kwenye mwanga. Alirudi mwanzo. Maisha yake yote alikuwa amefanya kazi ili mtu asipaone, na sasa hakupaona yeye. Aliweka lenzi chini akasema hajui. Nasiha akafunga kisanduku kitupu, akachukua simu, akatoka kwenye roshani kumwambia mwenziwe asije.

Hakumfukuza. Pengine ingekuwa afadhali. Siku ya pili alimwita, akamwambia kwamba kazi ya miaka miwili haiwezi kuaminiwa mpaka kila mdudu apimwe, na kwamba itabidi waifanye wote wawili, kwa sababu mikono iliyounga ndiyo itakayojua pa kulowesha. Alimwambia Bi Mejumaa. Neno mamangu hakulitaja. Walikaa meza moja wiki sita, birika katikati, wakilowesha mabega na mapaja kwa brashi, mdudu baada ya mdudu, na kila kiungo kilipoanguka Nasiha alikilinganisha na mwili wake. Kama ni chake, kilirudishwa. Kama si chake, mdudu alitengwa upande wa kushoto. Ripoti nyingine mbili, zilizokwishatumwa tangu mwanzo wa mwaka, Nasiha aliziandikia barua za kuziondoa. Aliziandika mbele ya Mejumaa, akiuma mdomo.

Kadenge aliambiwa kwa simu. Wiki iliyofuata alileta makopo yake kama kawaida, akayafungua mwenyewe mezani mbele ya Mejumaa, akamhesabia kila mdudu kwa kidole: miguu minne, mikono miwili, tafadhali hakikisha. Hakuwa mtu mbaya. Mamake alikuwa bado anamuuliza kitabu kitatoka lini.

Mwisho wa wiki ya sita walikuwako arobaini na mmoja upande wa kushoto. Mejumaa alidhani watatupwa. Nasiha alisema hawatupwi. Mdudu mwenye kiungo cha kuazima bado ana mwili wake, mradi anayemtazama aambiwe. Kwa hiyo kila mmoja atarudishiwa viungo vile vile alivyotiwa, na kwenye pini atatiwa kibandiko cha tatu. Alisogeza karatasi ngumu iliyokatwa tayari, kalamu, na kichupa cha wino. Alimtamkia maneno, na Mejumaa akaandika kwa mwandiko wake ule mzuri: Mikono si yake. Imeungwa na. Hapo kalamu ilisimama.

Hajawahi, tangu ana miaka tisa, kutia jina lake palipotobolewa. Alimtazama Nasiha akitumaini ataambiwa inatosha. Nasiha alikuwa ameshikilia pini kwa koleo, akimngoja.

"Andika, Bi Mejumaa," alisema. "Lazima wajue nani."

Aliandika: Mejumaa binti Gharib. Aliuliza kama wino huu hautatoka na unyevu wa pwani, na Nasiha akajibu kwamba hautoki, hata miaka mia mbili. Mejumaa akapuliza kibandiko kikauke, akakitunga chini ya vile viwili, chini ya mdudu wa kijani mwenye chunjua nyeupe. Kisha akavuta karatasi ya pili, akaandika jina lake tena, na ya tatu, na mpaka adhana ya alasiri alikuwa ameliandika mara arobaini na moja. Nasiha alivisoma vyote kimoja kimoja, kuhakikisha hakuna kosa, halafu akafunga kabati.